Mwili Unaokumbuka: Tiba ya Mguso kwa Majeraha ya Utotoni

Mgonjwa anaposhtuka na kuuvuta mkono wake wakati wa kupimwa shinikizo la damu, ni rahisi kumwona mkaidi. Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, mshtuko huo ni alama ya jeraha la utotoni: kipigo, ukatili wa kingono, au malezi yasiyokuwa na wa kumpakata. Yaliyompata mtu kabla ya umri wa miaka 3 kwa kawaida hawezi kuyasimulia. Hata hivyo, mwili hujifunza hofu kabla ya ulimi kujifunza maneno, na hofu hiyo hujitokeza baadaye kwa moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa au ganzi.

Ushahidi mzito juu ya jambo hili ulitoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, ulimwengu uliona nyumba za kulelea watoto ambamo walezi walikuwa wachache mno, na watoto wachanga walishinda vitandani bila kubebwa. Watafiti walioanza kazi Bucharest mwaka 2000 waliwafuatilia watoto 136 wa nyumba hizo. Nusu yao walihamishiwa katika familia za malezi. Waliohamishwa walipata nafuu, hasa waliotoka kabla ya kutimiza takriban miaka 2. Utafiti huo haukupima mguso peke yake, bali malezi kamili. Lakini kwa mtoto mchanga, malezi hufika kwanza kupitia ngozi.

Ngozi ina nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na wenye joto la kawaida la ngozi. Nyuzi hizo hupeleka taarifa katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia. Mguso wa mtu anayeaminika huweza kutuliza. Mguso uleule kutoka kwa anayeogopwa huamsha hofu. Kwa hiyo kinachotibu si mkono peke yake, bali mkono pamoja na usalama.

Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya mguso haanzi kwa kumshika mgonjwa. Kwanza humwelekeza ahisi nyayo zake sakafuni, au aweke kiganja chake mwenyewe kifuani. Baadaye, kwa ridhaa, mtaalamu huweza kuweka mkono begani au mgongoni, juu ya nguo, baada ya kukubaliana ishara ya kusimamisha. Kila ishara hiyo inapoheshimiwa, mgonjwa hujifunza jambo alilonyimwa utotoni: kwamba “hapana” yake inasikilizwa.

Tiba hii ina mipaka. Ushahidi wake bado ni mchache ukilinganishwa na ule wa tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Hivyo ni msaada wa ziada, wala si mbadala. Aidha, yeyote anayegusa sehemu za siri kwa kisingizio cha kuponya kiwewe, anayedai jambo lifanywe siri, au anayemlazimisha mtu akumbuke, hatibu bali anaumiza. Nchini Tanzania, vitendo hivyo huweza kuripotiwa kwa ofisa ustawi wa jamii au katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kanuni ya msingi ya tiba hii haihitaji chumba maalumu. Katika wodi ya wazazi, kliniki au chumba cha meno, mhudumu anaweza kueleza atakachofanya, kuomba ruhusa, kusubiri jibu, na kuacha anapoambiwa aache, isipokuwa pale uhai unapokuwa hatarini. Mgonjwa naye ana haki ya kusema, “Naomba uniambie kabla ya kunigusa,” bila kulazimika kueleza sababu.