Motokari inazeeka: tulipe asiransi gani?

Tuseme kuko fundi mumoja wa Kolwezi, mwenyi kutumika mu mina. Miaka 8 iliyopita alinunua Toyota ya okazio, dola 9 000. Mwaka ule alilipa asiransi yote, ile wanaita «tous risques», na kila mwaka anairudilia bila kuuliza kitu. Leo rangi imetoka, mulango wa nyuma unafungwa na kamba, na mununuzi hawezi kutoa zaidi ya dola 3 000. Sasa karatasi ya kulipa imefika tena, siku zile zile za feza ya masomo. Bibi yake anamuambia: «Baba, motokari inazeeka, na asiransi yake haizeeki? Tuache yote, tulipie watoto masomo.»

Mama yule amesema neno moja la kweli na moja la hatari.

Wazazi, na ninyi vijana wenyi kuazima motokari ya baba, mujue kwamba mu karatasi ile moja muko asiransi mbili. Ya kwanza ni RC: inalipa hasara ile wewe unaletea wengine. Mu inchi yetu sheria inaiomba kwa kila motokari toka mwaka 1973. Ya pili inalipa motokari yako wewe mwenyewe: ikiibiwa, ikiungua moto, ao ukiigongesha ku muti.

Ile ya pili njo inazeeka. Kampuni hailipi bei yenye ulinunulia. Inalipa bei ya motokari siku ya hasara. Tena inatosha kwanza franshizi, ni kusema sehemu ile inabakia juu yako. Kwa mufano, huyu fundi wetu analipa dola 400 kwa mwaka kwa sehemu hii ya pili, na franshizi yake ni dola 300. Motokari ikikufa kabisa, atapata 2 700. Lakini akikaa miaka 7 bila aksida, amekwisha kulipa 2 800! Na akikunja tu mulango, fundi wa garaji akiomba 250, kampuni haitamupa hata franga moja. Hapa mama alisema kweli.

Wengine wanatafuta akili ya katikati: wanaandikisha bei ya chini ili walipe kidogo. Ni mutego. Motokari ya dola 6 000 ukiiandikisha 3 000, halafu hasara ikiwa ya 2 000, kampuni inaweza kukulipa 1 000 tu, sababu uliandikisha nusu. Na kuandikisha bei ya juu haisaidie kitu.

Hata hivi, si kila motokari nzee inapaswa kuachwa vile. Jiulize: ikiungua usiku wa leo, kesho tutakula nini? Kama ni teksi yenye kulisha nyumba nzima, na hakuna feza yenye kuwekwa pembeni, omba wakuandikie wizi na moto tu, waache ingine. Hiyo inawezekana, usipatie haya kuuliza.

Lakini RC, hapana. Ile haizeeki. Toyota ya miaka 20 inavunja mutu muguu sawa na ya mupya, na freni zake ni za kuogopa zaidi. Unarudia kazini jioni, mutoto wa jirani anakimbilia mupira mu barabara, na mambo yameisha. Hospitali, miezi ya kitanda, pengine kilio. Jamaa yake watakuja kukaa ku lupango yako, na ni haki yao. Kama hauna RC, lupango ile ile njo utauzisha. Watu wengi wanabandika karatasi ile ku kiyo juu ya macho ya polisi tu, na hawaangalie hata siku yenye inaisha.

Zamani, SONAS ilikuwa peke yake kwa kazi hii. Sheria ya 2015 ilifungua mulango, na toka 2019 kampuni zingine zilipata ruhusa. Basi uliza bei pahali pawili ao patatu mbele ya kulipa. Karatasi zenye kuuzishwa mu barabara, ziache. Na kama kamio ya shaba njo imekugonga, RC yake njo inapaswa kukulipa. Usitoke pale bila polisi kuandika PV.

Turudi kwa fundi wetu. Amekubali kuacha «tous risques» na kulinda RC. Bibi yake anamuangalia: «Na weye, Baba, mwenyi kushika volan?» Ulizo la muzuri sana. RC inalipa wengine. Shofere mwenyi kosa haimulipi. Kuko asiransi ya pekee ya shofere, na mara mingi bei yake iko chini sana kuliko ile ya motokari. Kesho ataenda ku biro kuiulizia, mbele ya kugawanya zile 400: za masomo, na za freni.