COSTECH na sheria yake: inamhusu vipi mkulima wa alizeti Mandewa?

Mkulima wa alizeti wa Mandewa, au wa kata nyingine za Manispaa ya Singida, anajua kwamba mbegu ya kujiwekea huchoka. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba moja hadi jingine, na aina ya mbegu uliyoanza nayo hubadilika msimu baada ya msimu. Mbegu chotara ndiyo zaidi: ukiipanda mara ya pili, haikupi tena mavuno yale yale.

Kwa hiyo lazima wawepo watu ambao kazi yao ni kutafuta mbegu bora, kuipima na kuitunza isipoteze sifa zake. Kwa upande wa alizeti, kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kupitia kituo chake cha Ilonga, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro.

Lakini utafiti una gharama. Je, nani hutafuta fedha, nani huzigawa, na zikipotea nani huulizwa? Majibu yanaanzia kwenye sheria.

COSTECH ni nini?

COSTECH ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Makao yake makuu yako Dar es Salaam. Ilianzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, ikachukua nafasi ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililojulikana kama UTAFITI, ambalo nalo lilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1968.

Tume hii haina shamba la alizeti wala maabara ya malaria. Kazi yake ni kuishauri Serikali kuhusu sayansi, kuratibu utafiti nchini, kutoa vibali vya utafiti na kugharimia tafiti. Fedha za kugharimia hupitia mfuko uitwao MTUSATE, yaani Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Watafiti huandika maombi, maombi hushindanishwa, na wanaofaulu hupewa ruzuku.

Kwa nini iwe sheria, isiwe barua ya waziri?

Waziri anaweza kuunda kamati kwa barua, na waziri anayefuata akaivunja kwa barua. Chombo kilichoundwa na Bunge hakivunjwi hivyo. Ili kukifuta au kukibadilisha, lazima Serikali irudi bungeni na kueleza sababu.

Hili lina uzito kwa mkulima. Kupata aina mpya ya mbegu huchukua miaka mingi, wakati bajeti ya Serikali hufungwa kila Juni 30. Katika miaka hiyo mawaziri hubadilika, na uchaguzi mkuu huja ukapita. Kazi ya miaka mingi inahitaji chombo kinachobaki.

Faida ya pili ni uwajibikaji. Chombo chenye sheria kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, na ripoti hufika bungeni.

Jambo hili limewahi kuleta mvutano hata Marekani. Mwaka 1947 Rais Harry Truman alikataa kusaini muswada wa kuunda taasisi ya taifa ya kugharimia sayansi. Hakuwa akiipinga sayansi. Alichopinga ni fedha za umma kuwekwa mikononi mwa watu ambao hawakuwajibika moja kwa moja kwa rais aliyechaguliwa na wananchi. Muswada ulirekebishwa, naye akausaini mwaka 1950.

Tuliyoyaona hapa kwetu

Kabla ya mwaka 1977, tafiti kubwa za kilimo na afya zilifanywa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, taasisi hizo zilipoteza mwavuli wao wa kisheria. Tanzania ikalazimika kujitungia sheria. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na bado ipo.

Utafiti wa kilimo haukutulia hivyo. Shirika lake, TARO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, likavunjwa mwaka 1989, na kazi zikarudishwa ndani ya wizara. Ilipofika mwaka 2016 ndipo Bunge lilipopitisha sheria iliyounda TARI. Hapo kuna funzo: sheria hukipa chombo uhai mrefu, lakini sheria yenyewe inaweza kufutwa.

Sheria si fedha

Sheria hujenga ghala. Nafaka inaletwa na bajeti.

Nchi za Afrika, kupitia Umoja wa Afrika, zilikubaliana kila moja itumie angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti. Tanzania haijafika hapo. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa mfuko wa utafiti. Fedha zinazotolewa kila mwaka zimebaki chini sana ya kiwango hicho. Kiwango kikiandikwa kwenye sheria bila fedha kutolewa, mtafiti bado hana cha kulipia mafuta ya gari la kwenda shambani.

Msikilizaji, wewe unaweza kufanya nini?

Kwanza, sikiliza hotuba ya bajeti ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inaposomwa bungeni Dodoma. Tega sikio wanapotaja COSTECH na utafiti. Linganisha kilichotengwa na kilichotolewa, maana mara nyingi si kiasi kimoja. Mbunge wako ana haki ya kuuliza tofauti hiyo, nawe una haki ya kumtuma aulize.

Pili, mtafiti akifika mtaani kwako kuchukua sampuli za udongo, mbegu au damu, muulize ametumwa na nani. Mtafiti kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH. Utafiti wa afya unahitaji pia idhini ya kimaadili. Ukiwa na shaka, mwone mtendaji wa mtaa au wa kata kabla hujakubali.

Tatu, kama una ubunifu wako, tuseme mashine ya kukamua alizeti au mzinga wa nyuki ulioboreshwa, fuatilia mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaitwayo MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Hayawahusu wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Lipo kundi la wabunifu wa mfumo usio rasmi, na fundi wa gereji anaruhusiwa kushindana.