Nukta Sita za Louis

Katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, aliishi fundi wa ngozi aliyetengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Siku moja mwaka 1812 mwanawe Louis Braille, mtoto wa miaka 3, aliingia karakana na kushika chombo chenye ncha kali ili atoboe ngozi kama baba. Kikateleza, kikamchoma jicho. Kidonda kikaoza, na jicho la pili nalo likaambukizwa. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumfungia ndani, na kwa hilo wanastahili heshima. Baba alimchongea fimbo, naye akasoma shule ya kijiji kwa kusikiliza. Mwaka 1819 akapelekwa shule ya vijana wasioona mjini Paris.

Huko vitabu vilikuwa na herufi za kawaida zilizovimbishwa. Mwanafunzi alizipapasa moja moja, polepole mno. Kuandika mwenyewe ndiko kulikomshinda zaidi.

Kisha Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi, akaleta maandishi ya nukta zilizoinuka, hadi 12 kwa kila alama. Wazo lilikuwa zuri, lakini nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole kimoja. Louis akazipunguza zikawa 6. Mwaka huo ulikuwa 1824, naye alikuwa na miaka 15 tu!

Hebu zichore: tatu kushoto, tatu kulia. Ya juu kushoto ni nukta ya 1, chini yake ya 2, kisha ya 3. Upande wa kulia ni 4, 5 na 6. Herufi *a* ni nukta ya 1 peke yake. *B* ni ya 1 na ya 2. Tayari unaweza kuandika “baba”. Ongeza nukta ya 3 kwenye *a*, unapata *k*. Sasa andika “kaka”. Nukta hizo 6 hutoa maumbo 63, na kwa kuwa kila moja huinuka kama nundu ya ng'ombe, sisi huyaita maandishi ya nukta nundu.

Louis alifundisha shuleni hapo hapo hadi kifua kikuu kilipomdhoofisha. Alifariki mwaka 1852. Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854.

Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa mashujaa wa nchi hiyo. Mikono yake ilibaki Coupvray.