Kabla Binti Hajashika Sinia Ugenini

Mwezi Juni mwaka 2023 sisi kina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulikwenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kumsindikiza binti wa mwenzetu. Alikuwa amemaliza chuo cha hoteli, akafanya kazi mwaka mmoja na nusu katika hoteli ya ufukweni kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na sasa alikuwa anakwenda Dubai kutafuta kazi ya namna hiyo hiyo yenye malipo bora. Nauli tulichanga. Fedha za viza na za kujikimu zilitoka katika mfuko wa kikundi kama mkopo wa mama yake. Tuliimba, tukampiga picha, tukarudi na daladala tukiwa na furaha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: mwanangu, hiyo viza uliyo nayo ni ya nini?

Ilikuwa viza ya matembezi ya siku 60.

Mama msomaji, tungependa ulielewe jambo hili kuliko sisi tulivyolielewa siku ile. Huko Falme za Kiarabu mgeni wa matembezi hakatazwi kupeleka barua zake hotelini wala kuitwa kwenye usaili. Kinachokatazwa ni kuanza kazi kabla mwajiri hajamwombea kibali. Akianza, hata kwa siku moja, mwajiri amevunja sheria na yeye pia amevunja. Mwajiri anaweza kutozwa faini, ambayo mwaka 2024 ilipandishwa na sasa ni kati ya dirhamu 100,000 na dirhamu milioni moja. Mfanyakazi naye anaweza kurudishwa kwao.

Binti yetu hakujua hayo, tena alifika wakati mbaya. Miezi ya Juni, Julai na Agosti joto la Dubai hupita nyuzi 40, watalii hupungua, na hoteli nyingi hazina haja ya watu wapya. Wageni huanza kujaa Oktoba mpaka Aprili. Alipanga kitanda, si chumba, katika nyumba ya mtaa wa Deira, chumba kimoja wanawake wanane. Kila asubuhi alivaa sketi yake nyeusi na blauzi nyeupe akazunguka na vyeti. Simu zake zilikuwa fupi. Mama yake akimwuliza, "Umekula?" alijibu, "Nimekula, mama," nasi sote tulijua maana yake.

Wiki ya tano mgahawa mmoja ulimwambia aje kwa majaribio. Alibeba sinia wiki tatu, saa kumi kila siku, bila karatasi yoyote. Siku aliyotarajia malipo akaambiwa hafai. Angeshtaki wapi? Kule kuna wizara ya kazi inayopokea malalamiko, na mfanyakazi anayedai chini ya dirhamu 100,000 halipi ada ya mahakama. Lakini aliogopa kwenda kujishtaki mwenyewe kwamba amefanya kazi bila kibali. Viza nayo ikaisha, na faini ya kupitiliza ni dirhamu 50 kila siku, yaani zaidi ya dola 13. Tulichanga mara ya pili, safari hii bila nyimbo, akarudi.

Tusidanganyane. Wapo wasichana waliokwenda kwa njia hiyo hiyo wakapata mwajiri mwema aliyewaombea kibali, na leo wanasomesha wadogo zao. Mwenzetu mmoja alilisema hilo kikaoni kwa sauti kubwa, mama mwenye mtoto akalia. Hata hivyo, kwa fedha ya mkopo na mtoto wa pekee, sisi tunaona hiyo ni bahati nasibu.

Aliyetutoa gizani ni binti mwenyewe. Alikaa nyumbani akauguza miguu, kisha akaanza kuuliza. Alikwenda ofisi ya serikali ya huduma za ajira, akaelezwa kwamba mawakala wa ajira ni lazima wasajiliwe, na kwamba mwananchi ana haki ya kuuliza kama wakala fulani yumo katika orodha. Mmoja aliyekuwa akimpigia simu kila jioni hakuwemo. Huyo alitaka apewe kwanza "ada ya nafasi". Sheria ya kazi ya kule, iliyotungwa mwaka 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kibali na viza ya kazi ni mzigo wa mwajiri. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kushikilia pasipoti. Kwa hiyo mtu akiomba fedha kwa jina la hoteli kubwa, mama, funga mkoba wako.

Kisha akaomba kazi kutoka hapa hapa nyumbani, mwezi wa Agosti, wakati hoteli za kule zinatafuta watu wa msimu. Alisailiwa kwa simu ya picha mara mbili. Barua ya ajira ilipokuja tuliisoma wote, mwalimu wa Kiingereza akiwa katikati yetu, na hapo ndipo tulipojifunza kusoma mshahara. Tulikuwa tumezoea kuuliza, "Wanalipa ngapi?" Kumbe kuna mshahara wa msingi na kuna nyongeza. Kiinua mgongo, ambacho kwa miaka mitano ya kwanza ni siku 21 kwa kila mwaka baada ya kutimiza mwaka mmoja, huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Mwajiri anayeandika msingi mdogo na nyongeza kubwa anajua anachofanya. Tuliangalia pia kama malazi, usafiri wa kwenda kazini na chakula cha zamu ni juu ya hoteli. Bweni la bure laweza kuwa na thamani kuliko nyongeza ya fedha, kwa kuwa kodi za Dubai humeza mshahara wote. Saa ni nane kwa siku, 48 kwa wiki, na likizo siku 30 kwa mwaka. Muda wa majaribio hauruhusiwi kuzidi miezi sita, na huo ni muda wa kulipwa, si wa kubeba sinia bure.

Baba yake alikataa. Alisema mtoto akiungua mara moja hapelekwi tena jikoni. Walizungumza wiki nzima, na hayo ni ya nyumba yao. Sisi tulikuwa na hofu yetu nyingine: hoteli za kule huuza pombe kwa wageni, na mhudumu wa meza huitwa kuipeleka. Binti alichagua usafi wa vyumba. Alituambia bila kupamba kwamba ni kazi ya mgongo, vyumba 14 au zaidi kwa zamu moja, shuka za kitanda kikubwa mtu peke yake, na bakshishi leo ipo kesho haipo. Makanisa yapo, Oud Metha na Jebel Ali, ila mapumziko ya mfanyakazi wa hoteli hufuata ratiba ya zamu, Jumapili au Jumanne.

Aliondoka Oktoba 2024 akiwa na viza ya kuingilia kazini. Mama yake alibaki na nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina la hoteli na la bweni, na simu ya ubalozi wetu mdogo uliopo Dubai. Zote zimo katika bahasha ndani ya sanduku la vitenge, na sisi wawili kikundini tuna nakala zetu.

Mkopo wa kwanza bado haujaisha. Huleta kidogo kidogo kila mwezi kupitia benki, na katibu huandika katika daftari. Juzi alipiga simu kutoka bwenini, akamwuliza mama yake dawa ya mikono iliyokauka kwa sabuni. Tukaanza kujibu wote kwa pamoja, huyu mafuta ya nazi, yule ya mnyonyo, mpaka simu ikakatika.