Sura ya 6: Jukwaa la Boyoma

Wamarekani walianza mapema kupiga filamu pande hizi za Kisangani, mji uitwao pia Boyoma. John Huston alipotengeneza The African Queen, iliyotoka mwaka 1951, sehemu ya picha zake alizipiga karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Humphrey Bogart akachukua Oscar. Kisha Audrey Hepburn akaja Stanleyville, yaani Kisangani ya Wabelgiji, kwa ajili ya The Nun's Story ya mwaka 1959. Wenyeji wamo katika filamu hizo, lakini wamo kama mto na miti ilivyomo.

Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu hiyohiyo mwaka 1974. Watu humwita mcheza dansi, ingawa alianzia kwenye fasihi na tamthilia. Zaire ya Mobutu ilipoyumba na vyuo vikuu vikafungwa, alikwenda Nairobi, na mwaka 1997 akaanzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Baada ya kupitia Ulaya alirudi Kinshasa, akafungua Studios Kabako mwaka 2001, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Kwa hesabu ya fedha uamuzi huo hauna mantiki: wanaolipa vizuri kutazama kazi zake wako Paris na Brussels. Lakini mwigizaji hahitaji mtazamaji tu. Anahitaji mahali pa kufanyia mazoezi, na wenzake wanaojua anachokisema kabla hajakimaliza.

Mwaka 2009 Linyekula aliongoza Bérénice ya Racine kwa waigizaji wa Comédie-Française, Paris. Mwaka uliofuata, kwenye tamasha la Avignon, aliirudia hadithi hiyo akiwa na waigizaji wa Kongo, katika mchezo alioupa jina Pour en finir avec Bérénice. Kwangu mimi huu wa pili ndio wenye uzito. Kifaransa cha Racine kilifika Kongo kwa fimbo ya mwalimu. Mkongo akikitamka jukwaani, historia yote hiyo inapanda naye.

Kutoka hapo si mbali kufika kwa mtengeneza filamu Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Filamu yake En route pour le milliard, ya mwaka 2020, inawafuata walionusurika Vita vya Siku Sita. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, na makombora yakaangukia makazi ya raia. Filamu inawaonyesha manusura hao wakishuka mto hadi Kinshasa, safari ya kilomita 1,700 hivi, kudai fidia yao. Katikati ya safari inakatiza na kutupeleka jukwaani, ambako watu haohao, kwa magongo na miguu ya bandia, wanaigiza yaliyowapata. Tumezoea kumsifu mwigizaji wa filamu ambaye haonekani kuigiza. Hawa wanataka ionekane wazi kwamba wanaigiza, na nadhani sababu ni hii: kombora halikuwauliza kitu, ilhali mchezo wanauanza na kuusimamisha wao wenyewe.

Kuhusu fidia, Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu nchini humo, Kisangani ikiwemo.