Deni la Kadi Ukirudi Nyumbani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kadi ya mkopo ya Kimarekani inavyofanya kazi: benki inakulipia leo, nawe unarudisha mwisho wa mwezi, na usiporudisha chote, kinachobaki kinaanza kuzaa riba. Leo tunaingia kwenye swali ambalo Watanzania na Wakenya waliokaa Marekani huulizana kwa sauti ya chini, mara nyingi msibani au harusini, mmoja wao anapofungasha mizigo ya kurudi moja kwa moja. Deni nililoliacha kule litanifuata?

Majibu yanayozunguka ni mawili. Wako wanaosema, "Achana nalo, hawana la kukufanya." Na wako wanaoapa kwamba mdaiwa atakamatwa uwanja wa ndege siku atakapokanyaga tena Marekani. Majibu haya yote yameumiza watu. Naanza na hili la pili, kwa sababu hofu ndiyo inayowafanya wengi waondoke kimya kimya wakati simu moja tu kwa benki ingewapunguzia mzigo.

Deni la kadi nchini Marekani ni shauri la madai. Si jinai. Serikali kuu ya nchi hiyo iliacha kufunga watu kwa sababu ya madeni tangu 1833. Fomu ya maombi ya viza haiulizi kama unadaiwa na benki, na sheria ya uhamiaji haitaji deni la kadi miongoni mwa sababu za kumzuia mtu kuingia. Kwa aliyekwisha kuwa raia wa Marekani, pasipoti yake inaweza kuzuiwa kwa malimbikizo ya matunzo ya mtoto yanayozidi dola 2,500, au kwa deni kubwa la kodi ya serikali kuu. Deni la kadi halimo.

Hata hivyo, pana mstari ambao usiuvuke. Mtu aliyeugua, aliyefukuzwa kazi au aliyefiwa akashindwa kulipa, huyo ni mdaiwa. Lakini mtu aliyekwisha kukata tiketi, kisha wiki ya mwisho akabeba simu sita na runinga mbili kwa kadi, akachota na fedha taslimu kwenye mashine hali akijua hatalipa hata senti, huyo amefanya ulaghai, na ulaghai ni jinai huko kama ulivyo kwetu. Hata sheria ya kufilisika inamtazama kwa jicho baya: vitu vya anasa vilivyokopwa ndani ya siku 90 kabla ya kuomba ufilisi, au fedha taslimu zilizochotwa ndani ya siku 70, vikizidi kiwango kilichowekwa huchukuliwa kuwa ni udanganyifu hadi mdaiwa athibitishe vinginevyo.

Sasa tulifuate deni lenyewe, hatua kwa hatua. Tuseme dada mmoja ameondoka Oakland, California, kurudi Tanga, na kadi yake ina deni la dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Mwezi wa kwanza peke yake riba ni dola 120. Kwa aliyeajiriwa Marekani hizo ni saa chache za kazi. Kwa aliyeanza upya Tanga, ni fedha ya kuendesha nyumba. Akinyamaza miezi sita, deni linakaribia dola 6,760, na hapo hatujahesabu faini za kuchelewa.

Siku ya 180 hivi, benki inaliandika deni hilo katika hesabu zake kuwa ni hasara. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanapata taarifa kwamba deni "limefutwa", wanashukuru Mungu, wanaendelea na maisha. Lakini benki imelifuta katika vitabu vyake tu, haijamsamehe mtu. Mara nyingi huliuza kwa kampuni ya kununua madeni, kwa bei iliyo chini sana kuliko deni lenyewe, na mdai huyo mpya ana haki ya kudai dola zote na kufungua kesi.

Kesi hiyo inafunguliwa vipi wakati mdaiwa yuko Tanga? Kwa anwani ya mwisho inayojulikana. Bahasha ya mahakama inapelekwa kwenye nyumba aliyokuwa amepanga. Aliyehamia pale hamjui, anaiweka juu ya masanduku ya barua kwenye ukumbi wa kuingilia jengo, inakaa siku kadhaa, kisha msafishaji anaitupa. California inampa mshtakiwa siku 30 za kujibu. Zikipita bila jibu, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja na kwa kawaida anaipata, hata kama kiasi kinachodaiwa kina makosa, maana hakuna aliyesimama kukipinga. Aliyeshtakiwa bila kufikishiwa wito anaweza kuomba hukumu itenguliwe, lakini lazima kwanza ajue kwamba ipo. Huko California hukumu hudumu miaka 10 na inaweza kuhuishwa.

Wengine hutegemea ukomo wa muda wa kufungua kesi. Ni kweli upo: California miaka 4, New York miaka 3, Minnesota miaka 6. Lakini California, kwa mfano, ina kifungu kinachosema muda ambao mdaiwa yuko nje ya jimbo unaweza usihesabiwe. Na katika majimbo mengi, malipo hata ya dola 20 kwa deni la zamani yanaweza kuanzisha upya hesabu ya muda huo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukikaa nyumbani miaka mitano umemaliza.

Tuje kwa wanaosema "hawana la kukufanya". Wana chembe ya ukweli. Chukua mfano wa Kenya: ina sheria ya 1984 ya kutambua hukumu za nje kwa utaratibu wa nchi kutambuliana, na Marekani haimo katika orodha yake. Uingereza imo, pamoja na Tanzania, Uganda na Rwanda. Mdai mwenye hukumu ya California angelazimika kufungua shauri jipya Nairobi na kulipa mawakili. Kwa dola 6,000, gharama hiyo hailipi. Lakini kwa mtu aliyeacha nyumba, akaunti au mali nyingine Marekani, hukumu hiyo ina meno pale pale mali ilipo. Na akirudi akapata kazi, mshahara wake unaweza kukatwa hadi robo ya kinachobaki baada ya makato ya lazima, kwa kiwango cha juu cha sheria ya serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo yanamlinda zaidi.

Hayo yote ni ya mdaiwa mwenyewe. Linaloniuma mimi ni la wale anaowaacha. Katika jamii zetu, mtu hafiki ughaibuni peke yake. Kuna binamu aliyempokea, akamlaza kwenye kochi lake miezi mitatu, akaweka saini ili apate gari, simu na nyumba. Kama binamu huyo alisaini mkopo pamoja naye, basi siku ndege inapoondoka deni lote ni lake. Wakala wa madeni hana haja ya kumtafuta mtu Tanga wakati mwenzake yuko mtaa wa pili na ana mshahara. Aliyeongezewa jina kwenye kadi kama mtumiaji tu, kwa kawaida hadaiwi. Mume na mke ni habari nyingine: katika majimbo kama California na Texas, ambako mali ya ndoa ni ya wote wawili, mwenzi anayebaki anaweza kujikuta akibeba deni ambalo hakulitia saini. Ukiondoka bila kulieleza jambo hili kwa uwazi, umemfungia mwenzako mlango kwa nje.

Na waliobaki nyumbani pia huguswa. Sheria ya Marekani ya 1977 inamruhusu wakala kuwauliza jamaa mdaiwa yuko wapi, lakini inamkataza kuwaambia kwamba anadaiwa. Wakenya waliopitia aibu ya kampuni za mikopo ya simu kuwapigia wakwe na wachungaji wao watalielewa vizuri katazo hili. Wakala akimpigia mjomba wako na kulitangaza deni, amevunja sheria ya kwao. Andika tarehe, jina la kampuni na namba iliyopiga.

Faili la mikopo halihitaji maneno mengi. Doa la deni hukaa miaka 7 katika kumbukumbu za Marekani za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza historia ya wakopaji. Jina TransUnion lipo Nairobi pia, lakini faili la huko ni la mikopo ya huko.

Afanye nini basi anayetaka kuondoka? Apige simu benki kabla hajaacha kulipa hata mara moja. Benki nyingi zina mpango wa mteja aliyepatwa na shida: riba hupunguzwa na malipo hupangwa upya. Yapo mashirika ya ushauri yasiyo ya faida yanayopanga malipo ya kadi zote kwa pamoja, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Mdai akikubali kupokea pungufu ya deni, apate makubaliano hayo kwa maandishi kwanza ndipo atume fedha. Ajue pia kwamba deni lililosamehewa la dola 600 au zaidi huripotiwa kwa mamlaka ya kodi kama mapato, ingawa mtu ambaye madeni yake yalizidi mali zake anaweza kuomba asitozwe. Na kwa asiye na uwezo kabisa, ufilisi ni haki ya kisheria, ila ni rahisi zaidi kuuomba akiwa bado anaishi kule.

Kuna jambo dogo linalowakwamisha hata wenye nia njema. Benki nyingi hutuma namba ya siri kwenye simu yako ya Marekani unapoingia katika akaunti. Ukiikata laini, umejifungia nje, na hutaweza kulipa hata kama fedha unazo. Baki na laini ya bei ndogo kabisa inayopokea ujumbe ukiwa nje ya nchi, badilisha anwani ya barua iwe ya ndugu unayemwamini, na uijaribu njia ya kulipa kutoka nyumbani ukiwa bado huko.

Wiki ijayo nitaandika juu ya Falme za Kiarabu, na ndugu walioko Dubai na Abu Dhabi wasiyachukue ya leo kuwa ni yao. Huko hundi ya dhamana iliyokosa fedha ilikuwa kosa la jinai la kawaida hadi sheria ilipobadilishwa kuanzia Januari 2022, na mpaka sasa mdai anaweza kuomba mahakama imzuie mdaiwa kusafiri. Aliye na deni huko na tiketi mkononi, aulize kwanza kama jina lake limewekewa zuio, kabla hajafika uwanja wa ndege.