Vyombo Vinakaa Kabatini, Watoto Wanalala Chini

Anayeingia katika nyumba ya chumba kimoja na sebule huko Majengo ya Pumwani, au katika nyumba za zamani za Shauri Moyo na Kaloleni, hupokewa kwanza na kabati. Ni kabati la vioo lililofunika ukuta mzima. Ndani yake zimepangwa sahani za udongo zenye ukingo wa dhahabu, seti mbili au tatu za vikombe, hotipoti za rangi moja kuanzia kubwa hadi ndogo, birika ambalo halijawahi kuona majani ya chai, na glasi zilizobaki na karatasi za dukani. Mbele ya kabati pana makochi ya watu saba yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Usiku ukiingia, meza ya katikati husukumwa pembeni, godoro hutandikwa sakafuni, na watoto watatu au wanne hulala hapo, miguu yao ikigusa mlango wa kabati.

Hatuyasemi haya kwa kejeli. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba kama hizo, na jamaa zetu waliotoka Mombasa, Lamu na Malindi kwenda kutafuta riziki Nairobi walikwenda na kabati zao, au walinunua kabati kabla ya kununua kitanda cha pili. Tunalouliza ni hili: yawaje nafasi, kitu kilicho adimu kuliko vyote katika mitaa ya Eastlands, wapewe kwanza vyombo visivyotumiwa, na wanadamu wa nyumba wagawane kinachosalia?

Miaka ya karibuni limezuka duniani somo la kuishi na vitu vichache. Mwalimu wake maarufu ni Marie Kondo, mwanamke wa Kijapani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014 na kuuzwa kwa mamilioni. Yeye humtaka mtu akishike kila kitu mkononi na kujiuliza kama bado kinamletea furaha. Kisicholeta, akiage na kukitoa. Ni somo zuri kwa mahali pake. Lakini anayeweza kutupa ndoo leo kwa kuwa haimfurahishi ni yule anayejua kwamba kesho akiihitaji atainunua nyingine bila kuona uchungu. Mama wa Kayole au wa Dandora ambaye mapato yake ni ya siku kwa siku hatunzi ndoo kwa furaha. Anaitunza kwa sababu maji yatakatika tena, na ndoo ni maji. Kwake yeye kopo tupu la mafuta ni akiba, na tusimhesabie kuwa ni mroho. Kwa hiyo tunaposema juu ya kung'ang'ania vitu, tutenganishe mapema kati ya kinachowekwa kwa ajili ya haja na kinachowekwa kwa ajili ya macho ya watu.

Tena iko historia, nayo haipaswi kupitwa upesi. Nairobi ya mwanzo haikumkusudia Mwafrika kuwa mwenyeji. Nyumba nyingi za halmashauri upande wa mashariki zilijengwa kwa fikra ya mwanamume mseja anayekuja kufanya kazi na kurudi kwao. Mke na watoto hawakuwa katika hesabu ya mwenye ramani. Kijiji cha Pangani, ambako Waislamu wengi walijenga na ambako wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliohamishwa. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilibaki mahali ambapo mtu angeweza kusimamisha nyumba yake mwenyewe, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ni mtaa wa kupanga hadi leo.

Mtu aliyeishi hivyo vizazi vitatu, akijua kwamba kuta si zake na udongo si wake, atauweka wapi utajiri wake? Atauweka katika kile kinachobebeka: bangili, sanduku la bati lililojaa leso, kitanda cha besera alichorithi mama yake, sufuria za shughuli. Amri ya kuhama ikija, hivyo vitapakiwa mkokotenini na kuondoka naye. Tuliyaona hayo tena wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilipowaamuru wakazi wa kingo za mito waondoke: watu walivuka matope wakiwa na magodoro kichwani na mitungi ya gesi mabegani. Hakuna aliyewacheka. Kwa nyumba nyingi za mto Mathare, mzigo ule mmoja ndio uliokuwa mali yote.

Basi kabati lina asili yake ya haki. Tatizo ni kwamba asili imekwisha sahauliwa na desturi imebaki, tena imeongezewa mashindano.

Watazameni wanawake katika chama. Kila mwezi hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, na badala ya fedha humnunulia vyombo, leo seti ya sufuria, mwezi ujao hotipoti. Chama hicho kimewafaa wengi, hasa wake wapya waliofika mjini na mkoba mmoja. Lakini huanza na haja na huishia kwenye kulinganisha. Seti ya fulani ilikuwa ya vipande kumi na miwili, yangu iweje ya sita? Mwenye kabati la milango miwili hutaka la mitatu. Hapo ndipo Suratut-Takathur inapotugusa, kwa kuwa jambo inalolionya ni kule kushindana kwa wingi kunakomshughulisha mtu hadi anapofikishwa makaburini. Sura ile haikuwalenga matajiri peke yao. Wingi unaweza kushindaniwa hata kwa vijiko.

Wataalamu wa tabia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe cha kawaida, kisha wakaulizwa wangekiuza kwa bei gani; wenzao wasio na kikombe wakaulizwa wangekinunua kwa bei gani. Waliokuwa nacho walitaka takriban mara mbili ya bei waliyokubali wengine. Kikombe kilikuwa kile kile, na walikuwa wamekaa nacho dakika chache tu. Kama dakika chache zinatosha kumfanya mtu akione chake kuwa na thamani maradufu, itakuwaje kwa sinia ambalo mama amelipangusa vumbi kila Ijumaa kwa miaka ishirini?

Ndiyo maana wafanyabiashara wa mali kwa mali hawakosi mapatano marefu wanapopita mitaani Umoja na Kariobangi. Mwenye nyumba hutoa nguo kuukuu na viatu, naye hupewa beseni au jagi la plastiki. Kila upande huamini umepunjwa. Na mara nyingi, tukisema kweli, mwenye nyumba ametoa kitu kimoja asichokihitaji na kupokea kingine asichokihitaji. Kabati halikupungua, limebadilisha wageni.

Dini yetu haikuharamisha vyombo. Chombo cha matumizi ya nyumbani hakitolewi zaka, hata kiwe kizuri vipi. Lakini mwenye kabati asifurahi haraka, kwa maana kuna Suratul-Ma'un. Neno hilo la mwisho lililoipa sura jina lake, wapo maswahaba waliolifasiri kuwa ni zaka, na wapo, wakiwemo Abdullah bin Mas'ud na Ibn Abbas (R.A.), waliolifasiri kuwa ni vitu vya nyumbani ambavyo watu huazimana, kama vile chungu, ndoo na shoka. Wanaovinyima vitu hivyo wametajwa pamoja na wanaosali kwa kujionyesha na wasiohimiza kulisha maskini. Kwa tafsiri hiyo, swali ambalo sura inaiuliza nyumba ni jinsi vilivyomo vinavyotumika, na idadi yake si hoja. Mwenye sufuria arobaini ambazo mtaa mzima huziazima kwa maulidi, arusi na matanga huenda akawa mbali na lawama kuliko mwenye seti moja aliyoifungia ufunguo.

Tulihudhuria matanga katika mtaa mmoja wa Eastlands mwaka uliopita. Marehemu alikuwa mama aliyependwa, na kabati lake lilijulikana na majirani wote. Wageni walipojaa, chai ilinywewa kwa vikombe vya plastiki vilivyoletwa kutoka nyumba ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulifungua kabati, na ufunguo wenyewe haukuonekana. Arubaini ilipopita, mabinti wawili hawakuwa wakisalimiana kwa ajili ya seti ya chai. Hapa tuwakumbushe wasomaji sheria ambayo hupuuzwa sana: kila alichoacha maiti, hadi kijiko, ni mirathi. Haifai binti aliyekuwa akiishi na mama kuchukua vyombo kwa kusema vilikuwa vyake kwa mapenzi, wala haifai mashangazi kugawana leso sandukuni kabla ya madeni, wasia na hesabu ya warithi, wakiwemo watoto wadogo ambao hawana kauli ya kusamehe haki yao. Mama anayetaka binti fulani apate seti fulani na ampe leo, mkono kwa mkono, akiwa hai na mzima, na awafanyie uadilifu watoto wote.

Wengi hutwambia kwamba wangeazima, ila watu wa siku hizi hawarudishi, na wakirudisha chombo kina ufa. Malalamiko haya ni ya kweli. Lakini fiqhi imekwisha yajibu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, mwenye kuazima hudhamini. Kikivunjika au kupotea pasipo kuwa ni kwa matumizi yale aliyoruhusiwa, hulipa. Aibu ya kudai ndiyo inayotufanya tukifungie chombo badala ya kukitoa kwa masharti. Tungejifunza kusema waziwazi, "Mwanangu, hii ni ya mgeni, ikivunjika utaniletea nyingine," mlango wa kabati ungefunguka mara nyingi zaidi. Katika baadhi ya mitaa akina mama wamepita hatua mbele: sufuria kubwa za pilau, masinia na mikeka ni vya kikundi au vya msikiti, vimeandikwa daftarini, na kila mwenye shughuli huvichukua na kuvirudisha vikiwa safi. Mitaa hiyo haina haja ya kila nyumba kuwa na sufuria ya watu mia chini ya kitanda.

Tukirudi kwenye godoro la sakafuni, Mtume (S.A.W.) alitaja, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kitanda cha mume, kitanda cha mke na kitanda cha mgeni, na cha nne akakinasibisha na Shetani. Imam Nawawi alieleza kwamba maana yake ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari. Tazameni mpangilio: wenye nyumba kwanza, kisha mgeni. Sisi tumeugeuza. Mgeni ambaye hajafika amewekewa makochi ya watu saba, na kijana wa darasa la nane anafanyia kazi zake za shule juu ya ndoo iliyofunikwa. Isitoshe, katika nyumba za mabati na mbao zilizobanana, njia ya kutokea mlangoni ni kitu cha uhai. Moto si hadithi katika maeneo hayo. Ule wa Gikomba wa Juni 2018 uliua watu 15. Mama apime kwa hatua zake mwenyewe, usiku, taa ikiwa imezimwa, kama watoto wanaweza kufika mlangoni bila kujikwaa kwenye meza, mtungi na masanduku. Kisichopita kipimo hicho ndicho cha kwanza kutoka, kiwe kimeleta furaha au hakikuleta.

Kuhusu dhahabu tutasema machache, kwa maana watu huuliza. Kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu, mapambo halali ambayo mwanamke huyavaa kwa kadiri ya ada hayana zaka; lakini yaliyowekwa kama hazina yana zaka yakifika nisabu, ambayo ni takriban gramu 85 za dhahabu, na kupitiwa na mwaka. Wahanafi huwajibisha zaka katika yote mawili. Anayejua moyoni kwamba bangili zake hazijatoka sandukuni tangu arusi ya mdogo wake amwendee sheikh na swali lake kabla ya Ramadhani.

Vinabaki vile ambavyo si haja wala si fahari, navyo ndivyo vigumu: kofia ya mume aliyefariki, daftari la mtoto aliyehama, leso. Hatuoni kwamba dini inamdai mtu avitoe vyote. Aya ya 92 ya Suratu Aali Imran inataka tutoe katika tunavyovipenda, na Abu Talha (R.A.) aliposikia hayo alikitoa kile alichokipenda zaidi, bustani yake ya Bayruhaa, Mtume (S.A.W.) naye akamwelekeza awagawie jamaa zake wa karibu. Mama mmoja wa Majengo alitufungulia sanduku lake siku alipokuwa akifanya hivyo hivyo. Leso zilikuwa pea kumi na mbili, nyingine hazijawahi kukatwa pindo. Kumi na moja alizigawa kwa wakwe na wapwa, akicheka jina la kila moja. Ya mwisho, iliyofifia rangi na kutoboka pembe, aliikunja tena taratibu. Ndiyo aliyombebea mwanawe wa kwanza kutoka hospitali ya Pumwani. Hiyo, alisema, haitoki.